Mstari wa Mwisho Huimbwa Mara Mbili

Mtu akimpelekea Mama Pindo nguo ya kurekebisha, kwanza nguo ile hugeuzwa nje ndani. Haijalishi imeletwa kwa ajili ya zipu au kifungo. Mama Pindo huishika pindo kati ya kidole gumba na cha shahada, huitembeza polepole mpaka inakoishia, kisha huuliza, "Nani aliyekufanyia uchafu huu?" Mwenye nguo hana budi kutaja, na fundi aliyetajwa hupata habari zake siku hiyohiyo. Jina lake limetokea huko. La kuzaliwa analo, lakini limebaki kwenye kitambulisho.

Ana miaka themanini na miwili na bado anatia uzi kwenye sindano bila kuomba msaada, ingawa siku hizi humchukua muda na hapendi kutazamwa akifanya hivyo. Chumba chake cha kazi ndicho sebule. Cherehani ya miguu iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na kuna mkasi mmoja ambao hata wajukuu wanajua haukati karatasi. Ukutani, juu ya cherehani, kuna barua ndani ya fremu. Wino wake umefifia ukawa rangi ya chai, lakini maneno bado yanasomeka: idara ya serikali inampongeza mshonaji wa bendera ya kwanza ya taifa kwa kazi isiyo na dosari. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake, na wamepita zaidi ya sitini, alisomeshwa barua hiyo kwa sauti siku ya kwanza, kabla ya kuruhusiwa kugusa kitambaa.

Barua hiyo ina miaka sitini, sawa na taifa.

Wakati huo Mama Pindo alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mke wa mtu, akishona kwenye karakana ya idara hiyo. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya wavu na cherehani kumi na mbili zilizopangwa kama madawati. Walishona sare za hospitali, mashuka ya mabweni, mapazia ya ofisi. Msimamizi wao aliitwa Tepu, kwa sababu utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake hata akienda msalani. Tepu alikuwa mtu mwoga. Akisikia mlio wa gari nje, huanza kufagia.

Mume wa Mama Pindo alikuwa koplo katika bendi ya polisi, mpiga ngoma kubwa, na watu wote walimwita Koplo, hata mama mkwe wake. Alikuwa mrefu, mpole, si msemaji. Ngoma yake aliifungia mkanda begani, akaenda nayo kama mtu aliyembeba mtoto mbele.

Wimbo wa taifa ulipatikana wiki tano tu kabla ya siku ya uhuru. Redio iliomba watu watume tungo, zikaja kwa magunia. Wakubwa sita walijifungia kuchagua, wakashindwa kukubaliana, mwishowe wakachukua muziki wa mwalimu mmoja wa kwaya na maneno ya karani mmoja wa posta. Watu hao wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Maneno yalizidi muziki, yakapunguzwa. Muziki ukazidi maneno, nao ukapunguzwa. Kilichobaki kikaandikwa vizuri kwenye karatasi na kupelekwa kwa bendi, kwa amri kwamba hakuna atakayekibadilisha hata nukta.

Koplo hakuweza kuleta ngoma nyumbani, kwa hiyo jioni alifanyia mazoezi kwenye beseni lililofunikwa, kwa miiko miwili. Basi Mama Pindo akaujua wimbo wa taifa kabla ya wananchi wote, ila aliujua kwa ngoma peke yake, bila sauti wala neno. Pigo, kimya, mapigo mawili, kimya kirefu.

"Baba watoto," alimwuliza, "huu ni wimbo wa nchi au mnamzika mtu?"

"Subiri tarumbeta ziingie."

"Mimi naona mngeanza na hizo tarumbeta."

"Na mwisho wake ni huu," Koplo akasema. Akainua mwiko, akapiga pigo moja zito. "Hapo tu. Baada ya hapo mtu hapumui."

Pigo hilo moja ndilo lililowahangaisha wakubwa. Walitaka bendera ianze kupanda wimbo unapoanza, na ifike juu kabisa pigo la mwisho linapolia, isiwahi wala isichelewe. Askari wa kuvuta kamba alifanya mazoezi siku kumi uwanjani pamoja na bendi. Lakini bendera yenyewe haikuruhusiwa kuonekana kabla ya siku yake, kwa hiyo walipandisha shuka. Shuka lilifika juu kila mara, sawasawa na pigo.

Bendera alipewa Mama Pindo. Hakuomba. Tepu alipita kati ya cherehani, akageuza pindo za kila mmoja, akarudi akaweka karatasi ya maagizo ya bendera mbele ya Mama Pindo. Wanawake kumi na mmoja wakajifanya hawakuona. Mmoja tu, aliyeketi nyuma yake, alisema, "Haya, shoga, leo kichwa kitapita mlangoni?"

"Kikikwama nitaingia kwa mbavu," akajibu Mama Pindo, tayari akilaza kitambaa.

Aliishona siku nne. Bendera ilikuwa kubwa kuliko kitanda cha watu wawili, na kila mshono aliupitia mara mbili. Upande wa mlingoti alishona mfereji mrefu wa kitambaa, akapitisha ndani yake kamba ya katani na kuikaza kwa uzi wa nta. Ncha ya juu ya kamba hiyo ilitakiwa kuchomoza kidogo, ili ifungwe kwenye kamba ndefu ya mlingoti. Karatasi ya maagizo ilisema ichomoze shibiri moja.

Mama Pindo aliitazama shibiri ile, akaona ni ubahili. Kitambaa kizito namna hiyo, siku ya upepo, kining'inie kwa ncha ya shibiri? Yeye hakuwa mkono wa birika. Akaacha mikono miwili kamili, na kwenye ncha akafunga fundo, akalifunga tena juu yake, akalizungushia uzi likawa kama punje kubwa ya mahindi. Kazi yake haikuwahi kufumuka, na hii ndiyo ingekuwa ya mwisho kufumuka. Tepu alipokuja kukagua aligeuza pindo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kamba hakuipima. Utepe ulikuwa shingoni.

Siku ilipofika, wanawake wa karakana walisimama nyuma ya uzio wa uwanja pamoja na maelfu ya watu wengine. Mama Pindo aliona kila kitu, kwa kuwa alikuwa amekanyaga tofali. Bendi ilianza. Bendera ikafunguka, ikapanda, na watu wakapiga kelele hadi tarumbeta zikamezwa. Ilipanda vizuri. Ikapita nusu. Ikakaribia juu. Halafu, ikiwa imebakiza mikono miwili kufika, ikasimama.

Hakuna aliyejua kwa nini. Mama Pindo alijua. Juu ya mlingoti kuna kigurudumu kidogo ambacho kamba hupita juu yake, na mahali kamba mbili zilipofungana palikuwa pamefika pale. Shuka la mazoezi lilikuwa limefungwa kwa ncha fupi, fundo liko jirani na kitambaa, likifika juu basi na shuka limefika. Lakini fundo la Mama Pindo lilikuwa mikono miwili juu ya bendera, na lilikuwa nene. Lilifika kwenye kigurudumu kabla ya bendera, likagoma kupita. Askari alivuta. Akavuta tena. Shingo yake ikatoka mishipa.

Mkuu wa bendi alikuwa ameupa mlingoti mgongo. Wapiga tarumbeta walikuwa wamemtazama yeye. Katika bendi nzima, mtu mmoja tu alikuwa ameelekea bendera, naye ni wa ngoma kubwa, kwa kuwa yeye husimama pembeni kabisa. Wimbo ulifika kwenye pigo la mwisho. Mkono wa mkuu ukashuka kukata.

Koplo hakupiga pigo la kumaliza. Alipiga pigo la kuanzia mstari wa mwisho.

Tarumbeta hazikufikiri. Zimezoea kufuata ngoma, zikaifuata. Mkuu wa bendi akabaki na mkono hewani, halafu akaanza kuuzungusha, maana angefanya nini? Watu wakaurudia mstari pamoja na bendi, kwa nguvu kuliko mwanzo, wakidhani ndivyo unavyoimbwa. Askari wa kamba akapata nafasi ya kuishusha bendera kidogo na kuivuta kwa kishindo. Fundo likaruka. Bendera ikafika juu, na safari hii Koplo akapiga pigo lake moja zito. Mtu hakupumua.

Redio ilikuwa imerekodi. Jumatatu yake shule zote ziliimba mstari wa mwisho mara mbili, na zimeimba hivyo hadi leo.

Wakubwa walifurahi. Mkuu wa bendi hakufurahi, kwa sababu amri ilisema hata nukta isibadilishwe, naye alitakiwa kuandika ripoti. Wiki hiyohiyo ndipo barua ya pongezi ilipoletwa karakana. Tepu aliikabidhi kwa mikono miwili, akainama sikioni mwa Mama Pindo, akanong'ona, "Habari za kamba, kimya. Wote tutamwaga unga." Mama Pindo akapokea barua.

Koplo aliulizwa kwa nini alipiga bila amri. Angeweza kusema bendera ilikwama. Wangeuliza ilikwama kwa nini, wangeishusha, wangeikagua. Alisema, "Mkono uliteleza, afande."

Akatolewa kwenye bendi, akapelekwa kulinda geti la kambi. Siku ile alirudi nyumbani bila alama ya mkanda begani. Mama Pindo alikuwa anakaanga vitunguu.

"Baba watoto, ile kamba..."

"Kamba gani?"

"Ya bendera."

"Bendera ilipanda," Koplo akasema. "Chai ipo?"

Chai ilikuwepo. Hawakulizungumza tena kwa miaka arobaini na tisa. Koplo alifungua na kufunga geti mpaka alipostaafu. Wimbo ulipopigwa mahali popote alisimama wima kama wengine, na mstari wa mwisho ulipoanza kurudiwa, vidole vyake vya mkono wa kulia vilijikunja kidogo, kama vimeshika kitu. Mama Pindo alikuwa akiviona. Alikuwa pia akiiona barua ukutani, akiipangusa vumbi kila Ijumaa. Koplo alifariki miaka kumi na moja iliyopita, kwa ugonjwa wa kawaida wa wazee, kitandani kwake.

Mwaka huu, kwa sababu ya miaka sitini, iliundwa kamati ya kuandika kitabu cha historia ya wimbo wa taifa. Karani wa kamati alikuja nyumbani kwa Mama Pindo Jumanne asubuhi, mtu mzima mwenye kipara na begi la ngozi. Kitinda, binti wa mwisho wa Mama Pindo, ambaye ni mwalimu na anaishi naye, ndiye aliyemfungulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani alikushonea hilo koti?"

Karani akalitazama koti lake. "Nilinunua dukani, mama."

"Inaonekana. Kaa."

Karani alieleza shida yake. Kamati ilikuwa na karatasi ya kwanza kabisa ya muziki, na kwenye karatasi hiyo mstari wa mwisho ulikuwa mmoja. Walitafuta mwaka mzima nani aliuongeza wa pili. Mwishowe waliipata ripoti ya mkuu wa bendi. Akafungua begi, akasoma: koplo wa ngoma kubwa alikosea, akapiga baada ya mwisho, akaharibu utaratibu.

"Ni kisa kizuri sana," karani akasema. "Sura nzima tumeiita 'Mkono Ulioteleza'. Watu watacheka, lakini kwa upendo. Tunaomba picha ya marehemu tu."

Kitinda alishika mdomo kwa furaha. "Mama! Baba kwenye kitabu cha taifa! Ile ya sare ipo, ngoja nikaitoe."

"Keti," Mama Pindo akasema.

"Ipo kabatini, mama, dakika moja..."

"Nimesema keti."

Kitinda akaketi. Mama Pindo aliinua macho kwenye fremu, akaiangalia muda mrefu kidogo. Kama angenyamaza, picha ingetolewa, kitabu kingechapwa, wanafunzi wa nchi nzima wangemcheka Koplo kwa upendo, na barua ingebaki ukutani. Alikuwa amenyamaza miaka sitini. Alijua jinsi inavyofanyika.

Akainuka, akafungua droo ya cherehani. Akatoa vipande viwili vya uzi mnene wa katani, kigurudumu cha uzi uliokwisha, na kipande cha kitambaa chekundu ukubwa wa leso. Kigurudumu akakipitisha kwenye msumari uliokuwa juu ya dirisha. Uzi mmoja akautundika juu yake. Ncha ya ule mwingine akaishonea kwenye kitambaa, mishono minne, kisha akaiunga kwenye uzi uliotundikwa, mbali na kitambaa, kwa fundo lililofungwa mara mbili. Karani akatazama Kitinda. Kitinda akapandisha mabega.

"Shika hapa, uvute polepole. Na uimbe."

"Niimbe, mama?"

"Hujui wimbo wa nchi yako na unauandikia kitabu?"

Karani akaimba. Sauti hakuwa nayo. Mama Pindo akageuka kwenye meza ya kukatia, akapiga kwa viganja: pigo, kimya, mapigo mawili, kimya kirefu. Kitinda hakuwa amewahi kumsikia mama yake akipiga kitu chochote, na alibaki mdomo wazi. Kitambaa kikapanda. Karani alipomaliza mstari wa mwisho alivuta pumzi ili aurudie, kama kila mtu, na Mama Pindo akainua mkono.

"Hapana. Karatasi yako inaishia hapo. Tazama bendera iko wapi."

Kitambaa kilikuwa kimesimama shibiri nzima chini ya msumari. Karani akavuta. Fundo lilikuwa limebana kwenye kigurudumu.

"Uko mbele ya wageni wa dunia nzima," Mama Pindo akasema. "Bendera imekwama, na wewe peke yako ndiye unayeiona. Wimbo umekwisha. Mkononi una kipigio. Ungefanya nini?"

Karani alitazama kitambaa, halafu meza, halafu kitambaa. "Ningeendelea kupiga," akasema.

"Basi. Mkono haukuteleza."

Karani akaachia uzi taratibu. "Lakini mama, ripoti ya serikali ina mhuri. Na yeye mwenyewe alisema uliteleza, maneno yake haya hapa. Alisema hivyo kwa nini?"

"Kwa sababu fundo lilikuwa langu."

Akamweleza. Alieleza kwa mpangilio, kama anayesoma vipimo: shibiri moja iliyoandikwa, mikono miwili aliyoacha, fundo na fundo juu yake, tofali alilokanyaga. Hakulia, na sauti haikubadilika. Kitinda ndiye aliyetoka kwenda kusimama jikoni kidogo.

Karani aliandika yote, akasoma alichoandika, akakuna kipara. "Tunaweza kuandika 'hitilafu ya kamba', mama. Bila kutaja mtu. Wewe ni mtu mwenye heshima zako, na hiyo barua..."

"Kamba ilikuwa nzuri," Mama Pindo akasema. "Katani ya daraja la kwanza, niliichagua mwenyewe. Usiisingizie kamba. Andika mshonaji alizidisha kipimo. Na chini yake andika mpiga ngoma aliona. Usiandike alikosea, wala usiandike alibahatisha. Aliona."

Akachukua kalamu akatia sahihi yake kwenye karatasi ya karani, kwa mwandiko wa darasa la nne, herufi zimekaa juu ya mstari bila hata moja kuanguka. Ndipo akamwambia Kitinda alete picha ya baba yake.

Kitabu kilitoka miezi mitatu baadaye. Picha ya Koplo iko ukurasa wa arobaini na moja, amebeba ngoma, hacheki. Chini yake kamati imeandika kama ilivyoambiwa, ila imeongeza neno "kwa bahati nzuri" mahali ambapo Mama Pindo hakuona kuwa lina ulazima, akalikata kwa kalamu katika nakala yake. Barua bado iko ukutani. Kitinda aliuliza kama waitoe, akaambiwa kazi ya pindo ilikuwa haina dosari kweli, na barua haikutaja kamba.

Habari zilienea mtaani ndani ya siku mbili tu. Jirani mmoja mwenye duka la maziwa, ambaye mwanawe aliwahi kutajwa kuwa alishona uchafu, alikuja na suruali mkononi na kitabu kwapani. Akasimama mlangoni, hakutaka hata kuingia kwanza.

"Hodi, Mama Pindo. Kumbe nawe hukosea?"

"Karibu. Mara moja," Mama Pindo akasema, akinyoosha mkono kupokea suruali. "Na kosa hilo nchi nzima inaliimba."

Akaigeuza suruali nje ndani, akaanza kutembeza pindo kati ya vidole.